Zawadi za Hija zisimlaze hujaji na njaa

Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika semina za Hija hupitiwa kwa haraka mno, nalo ni tumbo la hujaji. Hufundishwa namna ya kuvaa ihramu, namna ya kutufu na kusai, na dua za kila kituo. Hayo yote ni ya lazima na hatuyapunguzi hata kidogo. Lakini ni mara chache muumini husimamishwa na kuulizwa: ukifika Makka, utakula nini, kwa fedha ipi, na kwa siku ngapi?

Jambo hili lilitujia tulipokuwa Chunya, kule kaskazini ya Mbeya, tumeketi barazani baada ya swala ya Ijumaa pamoja na waumini waliokwisha kuitekeleza nguzo ya tano. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa hakutupa ruhusa hiyo. Alitumia miaka mingi kuweka akiba, msimu wa tumbaku hadi msimu, na mwishoni akauza ng'ombe wawili ili kukamilisha malipo. Siku za kuaga zilipofika, ndugu na majirani walimiminika nyumbani kwake. Kila mmoja alikuja na dua, na nyuma ya dua likafuata ombi. Binti yake aliyaandika maombi hayo katika daftari la shule: kanzu nane, kofia, mabaibui, mitandio, janamazi za majirani, tasbihi, tende, manukato, na saa ya ukutani yenye kuadhini. Ukurasa ulijaa, wakageuza wa pili.

Siku ya tano ya kukaa kwake Makka, kabla hata siku za Hija zenyewe hazijaingia, mzee wetu alikuwa akishuka ngazi baada ya swala ya alfajiri, magoti yakamlegea akaanguka. Alipelekwa kliniki, akatundikiwa maji, na daktari akataka kujua alikula lini chakula kamili kwa mara ya mwisho. Mzee alinyamaza. Kwa siku nne alikuwa amekula mkate mkavu na kuushushia kwa maji ya Zamzam. Kila alipoiona sahani ya wali alipiga hesabu ya riali kwa shilingi, akaona kuwa sahani ile ni sawa na debe la mahindi kwao, na moyo wake ukakataa. Fedha alikuwa nazo. Zilikuwa kifuani mwake, zimefungwa katika kitambaa, nazo ndizo riali za kanzu nane.

Tulimuuliza ilikuwaje akajifanyia hivyo. Akatujibu kwamba alikuwa amesikia darasani kisa cha sahaba Abu Dharr (R.A.), aliyekaa Makka mwezi mzima kwa maji ya Zamzam peke yake, na mwili wake ukanawiri. Kisa hicho ni cha kweli, na kimo katika Sahihi Muslim. Lakini tukisome hadi mwisho. Abu Dharr alikuwa mgeni katika mji uliojaa maadui, akimtafuta Mtume (S.A.W.) kwa siri, na hakuwa na kitu kingine cha kula. Mara tu alipomfikia Mtume, Abu Bakr (R.A.) aliomba ruhusa ya kumkirimu usiku ule, akampeleka nyumbani na kumpa zabibu za Taif. Hakuna aliyemwambia aendelee na maji. Maji ya Zamzam yana baraka na hakuna Muislamu anayelikana hilo, ila mwenye riali kifuani hawezi kujiita Abu Dharr.

Ughali wa chakula mjini Makka una sababu, na watu wa Chunya wanapaswa kuielewa kuliko wengine. Qur'ani Tukufu, katika Sura Ibrahim, inatueleza kuwa Nabii Ibrahim (A.S.) aliwaacha baadhi ya kizazi chake katika bonde lisilo na mimea, naye akawaombea matunda. Makka ni hivyo hadi leo: milima ya mawe, jua, na bonde lisilolimika. Kila punje ya mchele na kila tunda limeletwa kutoka mahali pengine. Sasa tuyaangalie machimbo yetu. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 eneo lile lilikuwa miongoni mwa machimbo makubwa ya Tanganyika. Maelfu ya watu walikusanyika porini kuchimba, na aliyechimba hakulima. Mchele hutoka Usangu na Kyela, ndizi na viazi hutoka Rungwe na milima ya Mbeya. Kabla ya lami kuwekwa katika ile njia ya kilomita 72 ivukayo mlima kutoka Mbeya hadi Chunya, lori likikwama masika, bei ya nyanya machimboni ilipanda siku hiyo hiyo. Penye watu wengi wasiolima, wenye haraka na wenye fedha mkononi, chakula huwa ghali. Ndivyo ilivyo Makongolosi, na ndivyo ilivyo Makka katika mwezi wa Dhulhija.

Hata kabla ya Uislamu watu wa Makka waliitambua shida hii ya mgeni. Makureshi walikuwa na utaratibu wa kuchanga ili kuwalisha na kuwanywesha mahujaji. Babu wa babu zetu katika ukarimu huo ni Hashim, baba wa babu yake Mtume (S.A.W.). Jina lake la asili lilikuwa Amr, na wanahistoria husimulia kuwa aliitwa Hashim, yaani mvunjaji, kwa kuwa alivunja mikate na kuitia katika mchuzi ili watu wale. Ukoo mtukufu kuliko koo zote umebeba jina la kumega mkate kwa ajili ya wenye njaa.

Katika miaka yetu hii mji umebadilika sana. Wazee waliohiji zamani watakumbuka nyumba za kupanga zilizokuwa hatua chache tu kutoka Msikiti Mtukufu, na vijimgahawa vilivyokuwa chini yake. Sehemu kubwa imebomolewa. Ngome ya Ajyad iliyojengwa na Waturuki iliondolewa mwaka 2002, na mahali pake pakainuka majengo ya Abraj al-Bait, ambayo mnara wake wa saa wenye urefu wa mita 601 ulikamilika mwaka 2012. Hujaji wa kipato cha chini sasa hulazwa mbali, aghalabu mtaa wa Aziziya, na husafirishwa kwa basi. Tena mara nyingi basi hizo husimamishwa siku za kukaribia Hija kwa ajili ya msongamano, basi anayekwenda Haram kwa swala ya adhuhuri hubaki huko hadi isha, na njaa humkuta chini ya mnara, penye bei kubwa kuliko zote. Kodi ya ongezeko la thamani nayo, ambayo Saudi Arabia haikuwa nayo kabla ya Januari 2018, ilianza kwa asilimia 5 na kupandishwa hadi asilimia 15 Julai 2020. Nayo imo katika bei ya sahani.

Sisi wenyewe tulipokwenda kwa mara ya kwanza tuliingia katika mtego huo. Tulitoka msikitini na njaa, tukaingia mlango wa kwanza tuliouona, tukaletewa wali na kuku, na tulipopewa karatasi ya hesabu tulitazamana kimya. Chakula cha siku tatu kilikuwa kimeliwa kwa nusu saa. Hatumlaumu mwenye mgahawa, kwa maana bei alikuwa ameiandika ukutani. Ni sisi hatukuinua macho.

Pale barazani Chunya alikuwapo pia mama mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa mama lishe Makongolosi, akiwapikia wachimbaji. Alihiji mwaka mmoja na yule mzee, na ndiye aliyemwokoa baada ya kutoka kliniki. Tulipomuuliza alifanyaje, alicheka, akasema kuwa Makka aliikuta ni machimbo yenye Kaaba. Tukashtuka kidogo kwa usemi wake, lakini alikuwa na maana yake.

Kwanza, kabla ya kulipa, yeye hakumuuliza kiongozi wa msafara hoteli ina nyota ngapi. Aliuliza milo. Madina ni mingapi kwa siku? Makka je, kabla ya Hija na baada yake? Mina na Arafa je? Aligundua kuwa chakula cha Mina na Arafa kilikuwamo katika malipo, Madina pia, lakini siku kadhaa za Makka hazikuwa na chochote ila kifungua kinywa. Basi alizihesabu siku hizo, akazizidisha kwa milo, na fedha ya milo hiyo akaishona katika kifuko chake peke yake. Riali haiyumbi kama shilingi yetu, kwani tangu mwaka 1986 riali 3.75 ni dola moja ya Marekani. Kinachobadilika ni shilingi ngapi zitainunua. Kwa hiyo alibadilisha fedha ya chakula mapema, na zawadi akaziwekea kifuko kilichobaki tupu hadi mwisho.

Pili, aliwakusanya wanawake sita wa vyumba viwili wakaweka fedha zao za chakula pamoja. Hakuwa na habari kwamba alikuwa akifuata mwenendo uliosifiwa na Mtume (S.A.W.). Kabila la Ash'ari la Yemen, chakula kilipowapungukia safarini au nyumbani, walikuwa wakikusanya kila walicho nacho katika kitambaa kimoja kisha wakagawana sawa kwa chombo kimoja. Mtume aliwahesabu kuwa ni watu wake, naye ni mtu wao. Imo katika Bukhari na Muslim. Na ni Mtume huyo huyo aliyetufundisha kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu, na cha watatu huwatosha wanne. Mwenye kuijua sahani ya wali ya Makka hatalitilia shaka hilo. Sahani moja yenye nusu kuku, mama huyu alituapia, iliwashibisha wanawake watatu, na mmoja wao alikuwa mnene.

Tatu, hakula karibu na mlango wa msikiti. Alitembea. Kanuni yake ya Makongolosi ni kwamba penye vibarua wengi ndipo penye sahani iliyojaa, basi aliwafuata mafundi na wafagiaji wa Kipakistani, wa Kibangladeshi na wa Kiyemeni wakati wa chakula chao cha mchana, akaona wanakoingia. Huko nyuma ya barabara kubwa alikuta mchuzi wa dengu, wali wa sinia, na wauza mikate ya tamisi mipana kama ungo, itokayo tanurini moja kwa moja. Asubuhi walinunua tamisi mbili na bakuli la fuli, ambayo ni maharage ya baqila yaliyopondwa na kutiwa mafuta na bizari nyembamba. Aliyekulia maharage ya Mbeya hatakuwa mgeni mbele ya fuli. Matunda walinunua kwa katoni, si kwa moja moja, na maziwa ya mgando kwa chupa kubwa. Tende hawakuzihesabu kuwa zawadi hadi wiki ya mwisho, kabla ya hapo zilikuwa chakula.

Katika mzigo wake alikuwa na unga wa mahindi na karanga alioukaanga mwenyewe nyumbani, ukasagwa laini, wa kukorogwa kwa maji ya moto na sukari. Usiku wa kufika Makka, wenzake walipokuwa hoi baada ya umra na hakuna aliyeweza kutoka tena, birika la umeme la chumbani na unga ule ndivyo vilivyowalaza wakiwa wameshiba. Anayetaka kufanya kama yeye aulize kwanza taasisi yake ni vyakula gani huruhusiwa, kwani mizigo hukaguliwa.

Hapa lazima tuseme neno juu ya kupika. Baadhi ya wazee wetu hukumbuka majiko waliyobeba, na huona uchungu kuwa siku hizi hawaruhusiwi. Tarehe 15 Aprili 1997 moto uliwaka katika mahema ya Mina, upepo ukausambaza, na mahujaji zaidi ya 340 wakafariki dunia. Majiko ya gesi yalitajwa kuwa chanzo. Tangu hapo mahema ya Mina ni ya kitambaa kisichoshika moto, na gesi ya kupikia imepigwa marufuku ndani yake. Anayeficha kijiko cha gesi begini ili kuokoa riali kumi anazichezea roho za wenziwe.

Jioni moja Madina, kikundi kile kiliona mandili ndefu zikitandikwa msikitini, watu wakikaribishwa kwa tende, mikate, mtindi na kahawa. Watu wa Madina hufuturisha waliofunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima, si Ramadhani pekee. Wanawake wale walifunga Alhamisi iliyofuata. Mmoja wao alikiri mbele yetu kwamba hakuwa na yakini kama nia yake ilikuwa funga au futari, akaomba tumtolee fatwa. Tulimwelekeza kwa masheikh wake.

Sasa turudi kwa wale wengine wa Yemen. Ibn Abbas (R.A.) amepokewa katika Bukhari akieleza kuwa watu wa Yemen walikuwa wakija Hija bila ya masurufu, wakijiita wenye kumtegemea Mungu, na wakifika Makka huwaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Sura al-Baqara, inayowaamrisha mahujaji wachukue masurufu na kuwaeleza kuwa yaliyo bora ni uchamungu. Sisi hupenda kuitaja sehemu ya uchamungu na kuisahau ile ya kwanza. Wanazuoni nao, walipoufafanua uwezo unaoifanya Hija kuwa wajibu, walitaja masurufu na kipando, pamoja na matumizi ya walioachwa nyumbani. Masurufu hayo ni chakula. Ambaye fedha yake inatosha tiketi tu bado hajafikiwa na wajibu, na hana dhambi kungoja.

Tunasisitiza hili kwa sababu kupunguza gharama kuna mpaka wake. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu walioingia bila vibali rasmi. Hatusemi kuwa njaa ndiyo iliyowaua. Tunasema kuwa asiye na kibali hana hema, na asiye na hema hana kivuli wala mlo wa kuandaliwa. Mwili wa mzee wa miaka 70 unaotembea juani ukiwa na kipande cha mkate ndani yake hauvumilii.

Kuna na suala la hadyi, mnyama wa kuchinjwa kwa anayehiji kwa tamatui, ambao ndio wengi wa mahujaji wetu. Ulizeni kama imo katika malipo, na kama haimo, fedha yake itengwe kabla ya chochote. Asiyeweza kweli amepewa nafuu na Qur'ani ya kufunga siku tatu akiwa katika Hija na saba akirejea. Lakini mwenye riali za kanzu nane hawezi kudai kuwa hana uwezo wa mbuzi. Mzee wetu hadyi yake ilikuwa imelipwa ndani ya msafara, alhamdulillah, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na habari hadi alipolala kliniki.

Enyi watoto, wake na majirani wa mahujaji, maneno haya sasa ni yenu. Zawadi ni jambo jema na hujenga mapenzi. Lakini daftari lile la kurasa mbili halikuandikwa na mzee, limeandikwa na sisi tuliobaki nyumbani tukila ugali wa moto. Janamazi nyingi zinazouzwa Makka zimefumwa China na Uturuki, na ndugu zake zimetundikwa Kariakoo. Anayetaka kumuenzi hujaji, siku ya kumuaga amtilie mkononi noti moja na kumwambia ni ya chakula. Maji ya Zamzam kidogo kila mtu atayapata akirudi, na dua aliyokuombea mbele ya Kaaba haikumgharimu nauli ya mzigo.

Tulimuuliza mzee kama zile kanzu nane alizinunua. Akasema alinunua tatu. Zilizobaki alizila, akatamka hivyo hivyo, na baraza zima likacheka, naye akacheka nao. Wawili kati ya waliokosa kanzu walikuwapo pale, na mmoja wao ndiye aliyemshika mkono kumshusha ngazi za msikiti tulipoagana.

Yule mama lishe alikuwa ameshatangulia kuondoka. Jirani yake wa Makongolosi ameandikishwa msafara ujao, na jioni ile walikuwa wamepanga kukaanga unga.